Tairi nalo lina umri: Charles Goodyear na barabara ya Garissa

Mwezi wa Februari 2023 nilikuwa safarini kuelekea Garissa, nilikoalikwa kwenye semina ya walimu wa Kiswahili. Basi tulilopanda Eastleigh asubuhi lilikuwa limekwisha kupita Mwingi na Nguni, nasi tukikaribia Ukasi, pale ambapo hewa ya nyanda za juu humwaga msafiri na joto la bonde la Tana humpokea. Ghafla tairi la mbele likapasuka kwa kishindo kilichowafanya abiria wengi wainame chini ya viti. Si ajabu kwamba waliinama. Katika njia za kaskazini mashariki, mtu akisikia mlio wa ghafla hafikirii tairi kwanza bali bunduki. Tangu Novemba 2014, abiria 28 wa basi walipouawa karibu na Mandera, walimu wakiwa miongoni mwao, hakuna awezaye kumlaumu mtu kwa hofu hiyo.

Dereva aliushika usukani kwa mikono yote miwili, basi likayumba, likatoka kwenye lami na kuzama mchangani. Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alimshukuru Mola na kusema kwamba siku yetu ilikuwa haijafika. Utingo naye aliapa kwamba tairi lile lilikuwa zima, na kama ushahidi akatuonyesha mifereji yake, ambayo kweli ilikuwa na kina cha kutosha. Lakini ubavu wa tairi ulikuwa umepasukapasuka mistari midogo midogo kama tope la lambo lililokauka. Karibu na ringi palikuwa na alama ndogo yenye umbo la yai, na ndani yake tarakimu nne: 0811. Kwa asiyejua, tarakimu mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya nane ya mwaka 2011. Lilikuwa na umri wa miaka 12.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyawaza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake limepigwa chapa kwenye mamilioni ya matairi, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kuiona motokaa. Huyo ni Charles Goodyear. Jina la ukoo wake, kwa Kiingereza, lina maana ya mwaka mwema. Sisi watu wa isimu tunakatazwa kuyapa majina uzito yasiokuwa nao, lakini hapa nitaomba radhi, maana kisa chote cha mtu huyu, na cha basi letu pia, ni kisa cha mpira, joto na miaka.

Goodyear alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 huko New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani. Baba yake alikuwa mtengenezaji na mwuzaji wa vyombo vya chuma na zana za ukulima, na kijana akaifuata kazi hiyo hiyo. Mwaka 1824 alimwoa Clarissa Beecher, kisha wakahamia Philadelphia alikofungua duka. Kufikia mwaka 1830 biashara ilikuwa imeanguka, na madeni yakaanza kumwandama. Madeni hayo hayakumwacha hadi kaburini.

Mwaka 1834 aliingia katika duka moja la New York lililouza bidhaa za mpira, akaona boya la kujiokolea majini. Aliona kwamba valvu yake ni mbovu, akaenda akatengeneza iliyo bora, akarudi ili aiuze. Meneja aliisifu kazi yake lakini hakuinunua. Alimfunulia siri kwamba tatizo la kampuni halikuwa valvu, bali mpira wenyewe. Viatu na makoti waliyoyauza wakati wa baridi yalikuwa yakirudishwa wakati wa kiangazi yameyeyuka na kunuka, hata ikabidi yafukiwe ardhini. Na yale yaliyosalimika kiangazi yaligeuka magumu kama ubao theluji ilipoanguka. Biashara nzima ya mpira nchini Marekani ilikuwa ikielekea kufa kwa sababu ya jua.

Hapana shaka mtu mwenye akili za kibiashara angeondoka pale na kutafuta kazi nyingine. Goodyear alirudi Philadelphia, akakamatwa kwa madeni na kutiwa gerezani, kwani sheria za wakati ule zilimfunga mdeni kama zilivyomfunga mwizi. Huko gerezani alimwomba mkewe amletee mpira mbichi na kibao cha kusukumia unga, akaanza kuukanda mpira kama mtu akandavyo chapati. Hakuwa amesoma kemia. Alichokuwa nacho ni imani kwamba kama utomvu huu unanata, basi lazima uwepo unga wa kuukausha. Alijaribu magnesia, akajaribu chokaa, akajaribu asidi ya nitriki, na moshi wake nusura umwue. Kila mara alishangilia ushindi, na kila mara kiangazi kilimwumbua.

Kisa cha mifuko ya barua ndicho kinachonigusa zaidi. Serikali ya Marekani ilimwagiza mifuko 150 ya posta, naye akaitengeneza kwa mpira aliodhani ameushinda. Aliitundika chumbani, akaenda mapumzikoni pamoja na jamaa yake. Aliporudi aliikuta imelegea na kudondoka, vishikio vikiwa vimeng'oka. Upande wa nje ulikuwa umekauka vizuri, lakini ndani mpira ulikuwa ule ule wa zamani. Mtu aliyeutazama kwa macho tu angesema mfuko ni mzima.

Watu walimcheka. Alivaa koti la mpira, kofia ya mpira na viatu vya mpira ili kuitangaza kazi yake, na masihara ya mjini yakawa kwamba ukimwona mtu wa namna hiyo, mwenye mkoba wa mpira usio na senti hata moja ndani, huyo ndiye. Clarissa na watoto waliishi kwa hisani ya majirani. Miongoni mwa watoto 12 waliojaliwa, sita walifariki wakiwa wachanga. Wasimulizi wengi wa maisha yake huyapita haya upesi ili wafike kwenye uvumbuzi, kana kwamba mateso ya mke na watoto ni nauli tu ya safari ya mtu mkubwa. Mimi siwezi kuyapita hivyo. Goodyear alikuwa mtu mwema kwa tabia, lakini bili ya ukaidi wake ililipwa na wengine.

Uvumbuzi wenyewe ulikuja mwaka 1839 mjini Woburn, Massachusetts. Mtu aitwaye Nathaniel Hayward alikuwa amegundua kwamba mpira ukinyunyiziwa salfa na kuanikwa juani hupungua kunata, na Goodyear akainunua haki ya ujuzi huo. Salfa, nikumbushe, ndiyo waliyoiita wazee wetu kiberiti kabla neno hilo halijahamia kwenye njiti za moto. Siku moja kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kiligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, kiliungua kidogo kama ngozi, na pembezoni mwake pakabaki utepe wa mpira mkavu unaonyumbulika. Alikitundika nje katika baridi kali usiku kucha, na asubuhi kilikuwa bado kinanyumbulika. Ulimwengu umependa kuiita bahati. Mwenyewe aliikataa bahati hiyo, akishikilia kwamba ajali ile ingekuwa si kitu kwa mtu ambaye hakuwa ameitafuta kwa miaka mitano.

Mwalimu wa kemia anaweza kulieleza jambo hili ubaoni kwa dakika tano. Mpira mbichi ni minyororo mirefu iliyolala imesokotana ovyo kama tambi bakulini. Ukiupasha moto, minyororo huteleza. Salfa, kwa msaada wa joto, hujenga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo, hivyo mpira hunyooka na kurudi bila kuteleza. Ilimchukua Goodyear miaka mingine kadhaa kujua kiasi cha joto na muda unaofaa. Likipungua joto mpira hubaki mbichi, na likizidi hugeuka mkaa. Alizungukia viwanda na wahunzi akiomba kutumia tanuri zao baada ya saa za kazi. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa tutalirudia: alichokivumbua Goodyear ni upishi, na katika upishi wakati wa kuepua chungu ndio kila kitu.

Hataza ya Marekani aliipata tarehe 15 Juni 1844. Lakini huko Uingereza Thomas Hancock alikuwa ameviona vipande vya mpira wa Goodyear, akatambua unga wa salfa juu yake, akafanya majaribio yake na kuwasilisha maombi yake wiki chache kabla ya Goodyear. Rafiki yake Hancock, William Brockedon, ndiye aliyeupa upishi huo jina kutokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Jina hilo lilisafiri mbali. Nchini Nigeria fundi wa pancha wa kando ya barabara huitwa kwa neno litokanalo na mungu huyo wa Roma, jambo ambalo huwafurahisha sana wanafunzi wangu.

Sehemu kubwa ya umri uliobaki Goodyear aliutumia mahakamani. Kesi kubwa ilisikizwa Trenton mwaka 1852, na wakili wake alikuwa Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, aliyelipwa dola 15,000. Goodyear alishinda, lakini ushindi haukumtajirisha. Katika maonyesho ya London ya mwaka 1851 na ya Paris ya mwaka 1855 alijenga vyumba vizima vya samani za mpira kwa fedha za kukopa. Huko Paris alifungwa tena kwa madeni, na nishani ya heshima kutoka kwa Mfalme Napoleon wa Tatu ilimfikia akiwa kifungoni. Sidhani kama kuna picha inayomfaa zaidi kuliko hiyo.

Mwaka 1860 alipata habari kwamba binti yake yu mahututi, akasafiri kumwona. Alipofika New York aliambiwa kwamba binti amekwisha kufa. Alianguka, akapelekwa hotelini, na hapo akafariki tarehe 1 Julai 1860, akiwa na umri wa miaka 59 na deni lipatalo dola 200,000. Alizikwa kwao New Haven.

Tairi lenye upepo lilikuwa limekwisha kubuniwa na Mskoti Robert William Thomson mwaka 1845, likasahauliwa, mpaka daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alipolibuni upya mjini Belfast kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake, na kupata hataza mwaka 1888. Kiu ya mpira iliyofuata iliufikia ulimwengu wetu kwa ukatili: iliwakata watu mikono katika Kongo ya Mfalme Leopold, na hata katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki watu walitumwa kuigema mizabibu-pori ya mpira. Labda ndiyo maana Kiswahili kinautaja mti, utomvu, na kile wachezacho watoto uwanjani kwa neno moja, mpira, na kuliweka katika ngeli ya miti, lakini tairi kimelikopa lilivyo kutoka kwa Kiingereza na kulitia katika ngeli nyingine kabisa. Tumesahau kwamba tairi ni zao la mti, na kwamba kitokacho mtini huzeeka. Kampuni yenye jina la Goodyear iliundwa mjini Akron, Ohio, mwaka 1898, miaka 38 baada ya kifo chake. Waanzilishi walimwenzi tu, kwani jamaa yake hawakuwa na hisa humo.

Sasa turudi Ukasi. Madaraja yale ya salfa ambayo Goodyear aliyajenga kwa moto hayaachi kujengwa siku tairi linapotoka kiwandani. Joto na hewa ya oksijeni huendelea na kazi polepole. Minyororo mingine hukatika na madaraja mengine huongezeka, mpira ukawa mgumu na dhaifu. Ozoni iliyomo hewani nayo huupasua juu juu. Kwa kadiri ya kanuni wanayofundishwa wanafunzi wa sekondari, mwendo wa kikemia hukaribia kuongezeka maradufu joto likipanda nyuzi kumi. Garissa iko kwenye uwanda wa chini, na mwezi wa Februari au Machi kipimajoto hupanda kuelekea nyuzi 38 kivulini, wala basi haliegeshwi kivulini. Ningesema kwa lugha ya jikoni kwamba chungu cha Goodyear hakijaepuliwa. Kinaendelea kutokota juu ya keria za mabasi yetu.

Ndiyo maana mifereji ya tairi, ambayo utingo wetu aliitolea kiapo, haitoshi kuwa ushahidi. Mifereji husema tairi limekwenda mwendo gani, lakini haisemi limeishi miaka mingapi. Tairi la akiba lililokaa juani bila kuguswa linaweza kuonekana jipya kabisa na lisiwe na uhai ndani, tena huzeeka vibaya zaidi kwa kutotembea, kwani dawa na nta zinazotiwa kulinda mpira huja juu linapokunjwakunjwa na mwendo. Na kuna desturi moja ya huku kwetu inayouharakisha uzee huo. Dereva anayeingia kwenye njia za mchanga hupunguza upepo ili asizame, jambo ambalo ni la busara. Kisha hurudi kwenye lami bila kuujaza tena, akabeba mizigo hadi juu ya paa, akaenda kasi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, likajipika lenyewe kutoka ndani. Jua huku linachoma upande wa nje, na ndani mnawaka jiko la pili.

Nisidhaniwe kwamba hili ni tatizo la watu maskini pekee. Tarehe 10 Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasukiwa na tairi la mbele karibu na Hindhead, kusini mwa Uingereza, katika barabara iitwayo A3, jina lile lile ambalo ramani zetu zimekuwa zikiipa barabara ya Thika kwenda Garissa na Liboi. Watu watatu walikufa. Tairi lilikuwa na mifereji ya kutosha na halikuvunja sheria yoyote ya wakati huo. Lilikuwa na umri wa miaka 19 na zaidi, na mmoja wa waliokufa alikuwa kijana wa miaka 18. Tairi lilikuwa limemzidi umri. Mama yake aliendesha kampeni kwa miaka mingi, na kuanzia tarehe 1 Februari 2021 Uingereza ikapiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na malori.

Miaka 10 ndiyo kikomo kinachopendekezwa na watengenezaji wengi wa matairi, nao hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka mitano. Ushauri huo hauhusu Garissa peke yake. Kwa maoni yangu, penye joto kama hili kikomo kingestahili kushushwa. Tuna Sheria ya Trafiki, na tangu mwaka 2012 tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama yenye jukumu la kukagua magari ya abiria. Ningependa cheti cha ukaguzi kitaje tarakimu nne za kila tairi, lile la akiba likiwemo, na nakala yake ibandikwe mlangoni pa basi. Dukani kwa muuza mitumba vilevile, bei ya tairi ingefaa iulizwe baada ya mwaka wake.

Mwenye basi naye ana hoja yake, na si haki kuipuuza. Matairi ni ghali, abiria hulalamika nauli ikipanda kwa shilingi mia moja, na tairi lenye mifereji mizuri linaonekana kama fedha zinazotupwa. Hoja hii naielewa. Lakini fedha hizo ni akiba anayoitunza yeye, na hasara yake imewekwa rehani kwa maisha ya mwalimu anayerudi Wajir kufungua shule na ya mwanafunzi anayekwenda chuo kikuu cha Garissa. Nimemwona Clarissa Goodyear katika nyuso zao.

Mwalimu anaweza kuanza bila kungoja waraka wowote. Awatoe wanafunzi wa kidato cha pili nje, awapeleke kwenye gari la shule, awaambie waitafute ile alama yenye umbo la yai na kulitoa jibu katika mwaka wa sasa. Ni somo la hisabati, kemia na lugha kwa pamoja. Mara nyingine tarakimu huwa upande wa ndani wa tairi, hivyo itabidi mmoja atambae chini ya gari. Kama tairi lina tarakimu tatu badala ya nne, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo somo limekwisha.

Siku ile karibu na Ukasi kazi ya kubadilisha ilichukua muda mrefu, kwa sababu jeki ilizama mchangani mpaka lilipopatikana bapa la mbao. Lile tairi lililopasuka utingo alilipandisha juu na kulifunga kwa kamba. Nilipomwuliza ni la kazi gani tena, alisema kwamba Garissa kuna fundi atakayelinunua na kulikata akala. Nilifurahi kusikia hivyo. Kisha nikazunguka mbele, nikainama kulitazama tairi la akiba walilokuwa wamemaliza kulifunga. Lilikuwa jeusi, mifereji yake mirefu, halina hata mkwaruzo. Tarakimu zake zilikuwa 3409. Dereva alipiga honi, nasi tukapanda, tukaendelea na safari.